Kambi ya waathirika ikianza kunuka, kuharisha na kukohoa: jinsi ya kutafuta chanzo

Maelezo haya yanamlenga mwalimu mkuu, mtendaji wa mtaa, imamu au mchungaji ambaye jengo lake limegeuzwa malazi ya watu waliohamishwa na maji, na sasa mambo yameanza kwenda kombo. Hapa Kigoma hali hiyo si ngeni. Mwaka 2020 na 2021 Ziwa Tanganyika lilipanda likameza nyumba na mialo, na 2024 likapanda tena. Ziwa nalo si mto. Mto Luiche ukifurika, baada ya siku chache umerudi kwenye kingo zake; ziwa lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga ulioko upande wa Kongo, kwa hiyo likishapanda linashuka kwa kusuasua. Ndiyo maana darasa lililoazimwa kwa wiki moja linakuta muhula mzima umekatika, na choo kilichojengwa kwa ajili ya wanafunzi wa mchana kinahudumia familia nzima nzima, usiku na mchana.

Dalili huonekana mahali pamoja na chanzo kikakaa kwingine. Choo kinanuka kwa sababu hakuna bafu. Watu wanaharisha kwa sababu ya dumu, wakati bomba halina kosa. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu kuomba dawa ya kupuliza, ambayo ndiyo huombwa kwanza kila mara na mara nyingi haisaidii kitu, fuata dalili hadi ulikotokea mzizi wake.

Kabla ya yote: hesabu ya usiku

Usitumie namba ya kwenye daftari la mapokezi. Mchana watu wanatawanyika, wengine Kibirizi mwaloni, wengine soko la Mwanga, wengine wamerudi kulinda mabati ya nyumba yaliyobaki juu ya maji. Pita na tochi saa tatu usiku, uhesabu vichwa darasa kwa darasa. Namba hiyo ndiyo utakayoigawanya kwa kila kitu: matundu ya choo, koki za maji, mita za sakafu. Viwango vinavyotumika duniani kwenye dharura ni hivi: maji lita 15 kwa mtu kwa siku (kunywa, kupika na kuoga pamoja), tundu moja la choo kwa watu 50 siku za mwanzo kisha lishuke hadi watu 20, koki moja kwa watu 250, na mita za mraba 3.5 za sakafu kwa kila anayelala. Chukua darasa la mita 7 kwa 9. Ukubwa wake ni mita za mraba 63, yaani watu 18. Ukikuta wamelala 60, tayari una jibu la nusu ya maswali yaliyo hapa chini.

Dalili: watu wanaharisha

Uliza kwanza wameanza lini na ni akina nani. Hapo ndipo njia zinapoachana.

Kama watu wengi wameugua ndani ya saa chache, wakubwa kwa wadogo, wanatapika kuliko wanavyohara, na wote walikula chakula kimoja, shaka iko jikoni. Wali wa msaada uliopikwa saa nne asubuhi, ukakaa kwenye sufuria lililofunikwa ukisubiri mgeni rasmi, ukagawiwa saa tisa alasiri, unaweza kulaza kambi nzima. Mpishi anaweza kuwa msafi kabisa. Tatizo ni zile saa tano za uvuguvugu. Chakula kiliwe kikiwa moto. Mgeni rasmi atakula akifika.

Kama ni mmoja leo, watatu kesho, saba keshokutwa, na wanatoka madarasa tofauti, shaka iko kwenye maji au mikononi. Kama ni watoto wa chini ya miaka mitano peke yao, angalia kinyesi chao kinatupwa wapi. Akina mama wengi hawamsimamishi mtoto juu ya tundu la choo cha shimo, wanaogopa asije akatumbukia, na hofu hiyo ni halali. Mtoto anajisaidia nyuma ya darasa. Leteni poti, mpange na mahali pa kuzioshea. Mabango ya kukataza hayajawahi kumzuia mtoto wa miaka miwili.

Na kama kuna mtu mmoja tu mwenye miaka miwili na zaidi anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, amelegea, macho yameingia ndani, usisubiri wa pili. Chukulia kuwa ni kipindupindu hadi maabara iseme vinginevyo. Mpe maji ya chumvichumvi (ORS) hapo hapo huku usafiri ukitafutwa. Pakiti zikikosekana, chemsha lita moja ya maji, yapoe, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Anyweshwe kidogo kidogo hata kama anatapika, na mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Taarifa ifike kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mkoa huu unajua kinachofuata watu wakichelewa. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa pale mpakani, wakisubiri meli ya MV Liemba iwalete Kigoma mjini, ambako walipokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika. Maji safi hayakutosha, vyoo havikutosha, na kipindupindu kikalipuka kikasafiri pamoja nao. Wagonjwa walihesabika kwa maelfu.

Sasa maji yenyewe. Watu wengi hupima kwenye bomba au kwenye tenki, wakakuta klorini ipo, wakaridhika. Pima kwenye dumu lililoko kando ya mkeka. Kazi hiyo huenda hivi: bwana afya anachota kidogo kwenye kile kichupa cha plastiki chenye pande mbili, anadondosha kidonge, anatikisa. Maji yakigeuka ya pinki, klorini ipo. Yakibaki meupe, haipo.

"Mama, haya mmechota wapi?"

"Bombani, bwana afya. Asubuhi ya leo."

"Na hapa mnachotaje?"

Mtoto anaonyesha kikombe, anatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Basi. Bombani ilikuwepo, kwenye dumu imekwisha, kwa sababu klorini inajimaliza ikipambana na uchafu wa mikono na utando wa dumu lisilosuguliwa. Kiwango unachotaka ni miligramu 0.5 kwa lita pale koki ilipo, ili nyumbani, yaani hapo mkekani, ibaki angalau 0.2. Dumu la mdomo mwembamba na mfuniko ni bora kuliko ndoo ya wazi. Kama ndoo ndiyo iliyopo, basi iwe na koki chini, au kata yenye mpini mrefu inayoninginia kwenye msumari badala ya kulala sakafuni. Madumu yasuguliwe ndani kwa mchanga na sabuni mara moja kwa wiki, yote siku moja, pale pale bombani.

Kama maji yanaletwa na boza au yanavutwa ziwani na mnatibu wenyewe, usikisie dozi. Tengeneza mchanganyiko mama wa asilimia 1: kijiko kimoja cha mezani (kama gramu 15) cha unga wa klorini wa nguvu ya asilimia 70 kwenye lita moja ya maji. Panga ndoo nne za lita 20 za maji mnayotaka kutibu. Kwa bomba la sindano weka mililita 1 kwenye ya kwanza, 1.5 ya pili, 2 ya tatu, 5 ya nne. Koroga, subiri dakika 30, pima zote. Ndoo iliyobakiza kati ya 0.2 na 0.5 ndiyo dozi yenu, kisha zidisha kwa idadi ya lita 20 zilizomo kwenye tenki. Rudieni mvua kubwa ikinyesha, maana maji ya karibu na mdomo wa Luiche yaliyokuwa angavu jana leo ni tope, na tope hula klorini yote. Maji ya tope yatulizwe kwanza, kwa shabu au kwa kuachwa usiku kucha, yachujwe kwa kitambaa, ndipo yatibiwe.

Jambo moja kuhusu ziwa. Likitulia linaonekana safi, na watu waliokulia Katonga au Ujiji watakwambia wameyanywa maji hayo tangu utotoni. Usibishane nao. Waambie tu kwamba safari hii vyoo vya mitaa ya chini vimefunikwa na ziwa hilo hilo. Wavuvi wanaelewa haraka, wameviona vyoo hivyo wakipita juu yake na mtumbwi.

Dalili: choo kimejaa kabla ya siku zake

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu jibu la haraka ni kuita gari la majitaka, na baada ya siku nne shimo limejaa tena.

Fanya hesabu ndogo. Kinyesi chenyewe, kikishashindiliwa, ni kidogo mno: mtu mmoja hujaza takribani lita 40 hadi 60 kwa mwaka mzima. Watu 50 kwenye shimo moja ni kama lita 7 kwa siku. Ukijumlisha mkojo na maji ya kuchambia, tuseme lita 3 kwa mtu, unapata lita 150. Shimo la mita 1.2 kwa 1.2 lenye kina cha mita 3 lina zaidi ya lita 4,000. Hata kama udongo haunyonyi tone, lichukue karibu mwezi. Likijaa kwa wiki moja, kuna maji mengine yanaingia, na wajibu wako ni kujua yanatoka wapi.

Chukua mti mrefu, uutumbukize saa nne usiku na uweke alama. Funga tundu hilo hadi alfajiri, pima tena. Kama maji yamepanda wakati hakuna aliyeingia na mvua haikunyesha, maji yanatoka chini ya ardhi: ziwa likipanda, maji ya ardhini ya mitaa ya ufukweni nayo hupanda. Hapo kuchimba zaidi ni kujichimbia kisima cha kinyesi. Kitako cha shimo kinatakiwa kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na kama kipimo hicho hakipatikani, choo kiinuliwe: tuta la udongo na matofali, ngazi tatu nne, au tenki la plastiki chini ya sakafu ya mbao linalonyonywa kwa ratiba. Vikongwe na walemavu watashindwa ngazi, kwa hiyo tundu moja la chini lenye tenki libaki kwa ajili yao.

Kama maji yamepanda baada ya mvua tu, zunguka nyuma ya choo. Mara nyingi utakuta mfereji wa paa la darasa unamwaga mlangoni, au ukingo wa shimo uko sawa na usawa wa ardhi. Jembe na masaa mawili vinatosha.

Kama maji hayakupanda usiku, lakini yanapanda kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi, watu wanaoga humo. Hiki ndicho chanzo nilichokikuta mara nyingi kuliko vyote, na ndicho kisichoandikwa kwenye ripoti. Mwanamke hawezi kuoga uwanjani mbele ya madarasa. Mahali pekee penye mlango ni chooni, basi anaingia na ndoo yake. Maji ya kuoga yanajaza shimo, sakafu inalowa, foleni inarefuka, wanaume wanaona uvivu wanakwenda nyuma ya ukuta. Mkilalamika harufu, mnalalamikia bafu lisilokuwepo. Simamisha maturubai manne juu ya kokoto, mfereji wa maji upeleke kwenye migomba, na choo kitapumua.

Dalili: choo kipo, kisafi, lakini hakitumiki

Uliza wanawake, na aulize mwanamke. Majibu yamekaribia kuwa yale yale kila mahali: hakuna komeo la ndani, hakuna taa njiani, cha wanaume na cha wanawake vimeshikana, na hakuna pa kutupia wala kufulia vitambaa vya hedhi. Choo kisizidi mita 50 kutoka wanapolala na kisikaribie kisima kwa chini ya mita 30. Wanawake na watoto wapate matundu matatu dhidi ya moja la wanaume. Komeo ni shilingi chache tu. Nimeona kambi yenye choo kizuri cha msaada, milango ya bati jipya, na hakuna komeo hata moja. Watu walikipita wakaenda kwenye mihogo.

Pa kunawia pawe mlangoni mwa choo, si pale pembeni karibu na ofisi. Kibuyu chirizi kinachoning'inia kwa kamba na kipande cha sabuni ya mawese kinafanya kazi yote. Sabuni ikiibiwa kila siku, maana yake watu hawana sabuni. Gawa ya familia kwanza, ya chooni itabaki.

Dalili: foleni ya maji haiishi

Pima koki kwa saa: ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika ngapi? Kiwango cha watu 250 kwa koki kimehesabiwa kwa lita 7.5 kwa dakika, yaani ndoo inajaa chini ya dakika tatu. Kama inachukua nane, koki zenu nne zina kazi ya moja na theluthi. Tafuta presha, mpira uliobanwa, tenki lililowekwa chini mno. Mtu asisubiri zaidi ya dakika 30. Akisubiri zaidi ataacha kuoga, kisha ataacha kufua, na mwisho atamtuma mtoto ziwani, na hapo mmeongeza kichocho.

Dalili: wote wa darasa moja wameamka na kichwa

Kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, na wakitoka nje wanapata nafuu. Si malaria. Kuna jiko la mkaa lililolala ndani, pengine kwa baridi ya mvua au kwa sababu mkaa ukiachwa nje unaibiwa. Hewa yake haina harufu na inaua usingizini. Toeni watu nje mara moja, asiyeamka akimbizwe hospitali. Kuanzia hapo majiko yote yalale kwenye kibanda kimoja chenye mlinzi. Hapa hapana mjadala.

Dalili: kikohozi, surua, upele

Vikohozi vya darasa zima vinatokana na msongamano na madirisha yaliyozibwa kwa khanga na maturubai. Fungua ya juu pande zote mbili, na walale kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule ili pumzi zisikutane. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipelekwe kupima kifua kikuu.

Mtoto mwenye homa, macho mekundu, mafua na vipele vilivyoanzia usoni: ni surua hadi ithibitike sio. Mmoja anatosha kuita chanjo kwa watoto wote wa miezi 6 hadi miaka 15, pamoja na vitamini A kwa wa miezi 6 hadi miaka mitano. Usimfiche kwa kuogopa kambi kufungwa.

Upele unaowasha zaidi usiku, kati ya vidole na kiunoni, haumalizwi kwa kumpaka dawa mmoja. Familia nzima ipakwe siku moja, nguo na mashuka vifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Upele ukirudi baada ya wiki tatu, tazama pia foleni ya maji: huenda hawaogi wala hawafui.

Dalili: nzi na mbu

Nzi anatoka yai hadi kuruka kwa takribani wiki moja kwenye joto letu, kwa hiyo taka zikikaa shimoni bila udongo kwa wiki mnazalisha. Zifukieni kila jioni. Dagaa zinazoanikwa uani zihamishwe, wenye nazo watanung'unika lakini wahamishe.

Mbu mtazame akitua ukutani. Aliyeinua mkia juu ni wa malaria, anazaliwa kwenye madimbwi ya maji ya mvua yaliyotulia. Fukieni madimbwi, gaweni vyandarua na misumari ya kuvitundikia. Aliyelala sambamba na ukuta, anayepiga kelele sikioni, mara nyingi anatoka kwenye choo kilichojaa maji na mifereji michafu. Huyo anakurudisha kwenye mti wako wa kupimia shimo.

Dalili ya mwisho: watu wameondoka, wanafunzi wanarudi, harufu imebaki

Sakafu na kuta hadi urefu wa kifua vioshwe kwa sabuni kwanza, halafu klorini ya asilimia 0.2, ambayo ni vijiko viwili vya mezani vya unga ule ule kwa lita 10 za maji. Palipotapikiwa au kuhariwa na mgonjwa wa kipindupindu paoshwe kwa asilimia 2: vijiko viwili kwa lita moja. Anayeosha avae glavu na buti, madirisha yawe wazi, na klorini isichanganywe na dawa nyingine ya choo. Mashimo ya muda yafukiwe yakibakiza nusu mita kujaa, udongo ushindiliwe ukabaki umeinuka kidogo kwa sababu utazama. Chora mchoro wa uwanja wenye kila shimo, uubandike ofisini, maana mwalimu mkuu mpya akija mwakani na mradi wa bustani atachimba hapo hapo.